Wazo Zuri, Mwalimu

Wengi wanaosoma Kijerumani hapa Machakos siku hizi wana sababu ambayo haihitaji kufafanuliwa. Ni wauguzi waliohitimu wakakaa nyumbani wakingoja ajira, ni vijana wa hoteli, ni mafundi wa umeme na wa magari, ni mabinti ambao wazazi wao wameuza ng'ombe ili karo ya lugha ipatikane. Waulize, watakutajia mji wa Ujerumani wasioujua na tarehe ya mtihani wanayoiota usiku. Mimi nilipoulizwa siku ya kwanza kilichonileta, nilibabaika. Nimefundisha Kiswahili katika shule za upili mpaka nikastaafu. Sina mpango wa kwenda kufanya kazi ng'ambo, na hata ningekuwa nao, nani angeniajiri na magoti haya? Nilijibu kwamba nataka kusoma kitabu. Darasa likacheka kwa adabu, kile kicheko cha midomo iliyofumbwa ambacho vijana wetu huwawekea wazee.

Kitabu chenyewe kipo. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na mji wa Tübingen, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1849 alisafiri mpaka Ukambani, akakaribishwa Kitui na Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, na ni kutoka huko ndiko alikouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba. Alirudi tena mwaka 1851 na safari hiyo ikaharibika: Kivoi aliuawa wakielekea Mto Tana, naye Krapf akabaki akitangatanga nyikani kwa njaa na kiu. Yote hayo aliyaandika kwa Kijerumani katika juzuu mbili zilizotoka mwaka 1858. Toleo la Kiingereza lilifuata mwaka 1860. Kila mwaka nilipofika kwenye mada ya historia ya Kiswahili nilimtaja Krapf, nikayataja makosa yake na sifa zake, na kila nilichokisema kilikuwa cha kusikia kwa wengine. Nilipostaafu nikajiambia kwamba angalau huyu mtu mmoja nimsikilize mwenyewe, kwa lugha aliyofikiria nayo alipokuwa akipita katika vilima vyetu.

Ndivyo nilivyojikuta katika chumba cha ghorofani si mbali na kituo cha mabasi, nimeketi na watu ambao ningeweza kuwa baba yao, na wengine babu yao. Madirisha yakifunguliwa, sauti za makanga wanaoita abiria wa Nairobi huingia na kuketi nasi. Yakifungwa, joto hutushinda. Ilikuwa miezi ile ambayo kila mtu mjini alikuwa akizungumza juu ya Ujerumani, kwa kuwa Septemba 2024 Rais Ruto na Kansela Olaf Scholz walikuwa wamekutana Berlin, na serikali zao mbili zikatia sahihi mkataba wa uhamiaji. Habari zilienea kwamba nafasi za kazi zilikuwa 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha, ikasema mkataba hauna idadi yoyote, lakini kanusho halina miguu kama ya uvumi. Darasa letu lilijaa hadi viti vikaazimwa kutoka kwa wanaosomea kompyuta upande wa pili.

Ngazi mbili za mwanzo, A1 na A2, nilizipita kwa furaha ambayo hata sasa naikumbuka kwa wivu. Kila juma nilitoka na kitu mkononi. Leo najua kuagiza chai, kesho najua kueleza njia ya kwenda posta, keshokutwa naandika barua pepe ya kumwalika rafiki wa kubuni kwenye sherehe ya kubuni. Nilikuwa hodari, niseme ukweli, na uhodari huo ulitokana na jambo moja: nilikariri. Mtu aliyepita katika mitihani ya Kenya, akaisomea, akaifundisha na kuisahihisha, anajua kukariri. Nilikuwa na barua nzima nzima kichwani, mwanzo wake na mwisho wake, ninabadilisha jina la rafiki na siku ya sherehe tu.

Halafu tukaingia B1, ngazi ya kati, na yale maarifa yangu yote yakaanza kupwaya. Katika ngazi hii huulizwi tena chai inagharimu kiasi gani. Unaulizwa unaonaje watoto kutumia simu, na kwa nini unaona hivyo, na kama mwenzako haoni hivyo utamwambia nini. Sentensi zinakuwa na matawi, na kila tawi la kueleza sababu lina kitenzi chake, nacho kitenzi hicho hukaa mwisho kabisa, kwa hiyo huna budi kujua unakokwenda kabla hujafungua kinywa. Mimi nilizoea kujua ninakokwenda nikiwa njiani. Nikawa mtu wa sentensi fupi. Mimi ambaye niliwachosha wanafunzi kwa insha za methali, kwa Kijerumani nikawa mtu anayesema: Simu ni nzuri. Simu ni mbaya pia. Watoto wanahitaji michezo. Kuna majuma nilitoka darasani nikiwa na hakika kwamba nimerudi nyuma, na huenda kweli nilirudi, sijui. Katika ngazi hii mtu hana chombo cha kujipimia, na mwalimu akikwambia unaendelea vizuri unashuku kwamba anakuhurumia.

Lakini kilichonikalia moyoni hata leo hakikuwa sarufi. Kilikuwa mtihani wa kuzungumza, au tuseme mazoezi yake.

Mtihani wa B1 wa Goethe-Institut una moduli nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moja ina alama 100 na kila moja unatakiwa upate 60, wala ushindi wa moja haulipii kushindwa kwa nyingine. Zile tatu za mwanzo unafanya peke yako, kama mtihani wowote tuliouzoea. Ya kuzungumza kwa kawaida mnaingia wawili. Mnapewa karatasi yenye jambo la kupanga pamoja, labda kumtembelea mgonjwa hospitalini, labda kumwandalia mwenzenu sherehe ya kuagana. Chini yake kuna vidokezo vichache: lini, wapi, nani alete nini. Mnazungumza mpaka mpatane. Mmoja anapendekeza, mwingine anakubali au anakataa na kutoa wazo lake, na watahini wanaangalia si tu unachosema bali pia jinsi unavyompokea mwenzako.

Mwenzangu alikuwa binti wa Kathiani, muuguzi aliyemaliza chuo na kukaa bila kazi. Kijerumani chake kilikuwa bora kuliko changu. Alisikia haraka, alitamka vizuri, na jinsia za nomino alikuwa amezipanga daftarini kwa kalamu za rangi tatu. Mtu angesema nimebahatika. Ila alikuwa ananiita Mwalimu. Sikuwahi kumfundisha, lakini Machakos mtu akishafundisha miaka mingi, jina hilo huwa lake kwa kila mtu, hata kwa muuza mboga. Na alipoambiwa kwamba katika mazoezi haya atanisemesha kwa *du*, kama rika lake, aliangalia chini akacheka, akajaribu, akarudi kwenye *Sie* ya heshima, akajaribu tena.

Karatasi yetu ya kwanza ilikuwa ya sherehe ya kuagana. Nikaanza, kama ilivyo kawaida yangu kuanza. Nikasema tuifanye Jumamosi. Akasema, *Gute Idee*, wazo zuri. Nikasema tuifanye kule People's Park, karibu na bwawa la Maruba, kuna kivuli. Wazo zuri. Nikasema mimi nitaleta soda, yeye alete keki. Wazo zuri. Nikasema tuanze saa nne asubuhi kabla jua halijawa kali. Wazo zuri sana. Tukamaliza kabla ya muda, nikaegemea kiti nikiwa nimeridhika. Nilidhani tumefanya vizuri, maana tulipatana kwa kila kitu, na Kijerumani changu hakikuvunjika mahali popote.

Mwalimu wetu wa Kijerumani, mwanamke kijana mwenye subira, alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili, jambo alilolifanya pale tu alipotaka lisikike sawasawa: "Mwalimu, hapa sijasikia watu wawili. Nimesikia mtu mmoja na mwangwi wake."

Nikamtazama binti wa Kathiani kwa huruma, nikidhani ndiye anayesahihishwa.

"Nazungumza nawe, Mwalimu," akasema. "Hujamuuliza swali hata moja."

Nilirudi nyumbani nikiwa na neno hilo, na nikiri kwamba kwanza nililipinga. Nilijitetea kimoyomoyo kwamba ni kosa la binti. Mtu akipewa nafasi ya kusema na asiseme, mwenye kusema afanye nini? Baada ya siku kadhaa nikakubali nusu. Nikaamua kusaidia. Kabla ya zoezi lililofuata nikamwambia, kwa ule upole wa mtu mzima anayejua kwamba anafanya hisani, "Leo unikatalie. Usiogope. Nikipendekeza kitu, wewe sema hapana."

Akasema, "Sawa, Mwalimu."

Na akafanya hivyo. Nikapendekeza Jumamosi, akasema haiwezekani. Nikapendekeza chakula, akasema hapana. Nikapendekeza tumnunulie zawadi, akasema hana fedha. Kila nilipotua alikataa, kwa sauti ileile ya utii aliyokuwa akikubalia, na macho yakiwa kwenye karatasi. Katikati ya zoezi ndipo lilipoanza kunielea: nilikuwa nimemwamuru anipinge, naye alikuwa anatii. Hapana zake zote zilikuwa ndiyo. Darasa lilicheka sana siku ile, na yeye alicheka pia, mimi nikacheka baadaye kidogo.

Nimeifikiria siku hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Nilipokuwa nafundisha, kila baada ya maelezo nilikuwa nauliza, "Tumeelewana?" na darasa zima linaitika kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu," na mimi nafuta ubao. Sauti ile ilikuwa ikinituliza. Sidhani kama niliwahi kujiuliza imebeba nini ndani yake. Nilikuwa na desturi ya kusema kwamba wanafunzi wa siku hizi hawajui kutoa hoja, na katika mijadala nilikuwa nawapa mada nzuri, na mwishoni nasimama kutoa uamuzi ni upande upi uliosema kweli. Sasa najiuliza hoja zile zingetoka wapi. Ila sitaki kujipiga kupita kiasi. Wao pia walijifunza mahali pengine kabla hawajafika kwangu, na wengine wao leo ni mawakili wanaobishana kwa ujira.

Tena kuna upande mwingine ambao mwalimu wetu kijana, kwa uhodari wake wote, hakuutaja. Kwetu kijana akiambiwa jambo na mzee huitika kwanza. Hilo halimaanishi amekubali. Kama hakubaliani, atapitisha neno lake kwa shangazi, au atakuja siku nyingine na jambo jingine ambalo ndani yake mna jibu, au siku yenyewe ikifika hataonekana, na mzee mwenye akili ataelewa kwamba ameshajibiwa. Hapana ipo, ila hupita mlango wa nyuma ili wa mbele usivunjike. Nimeona koo zikipatanishwa kwa njia hiyo, na nimeona watu wakali wa maneno ya moja kwa moja wakishindwa kuishi na jirani hata mmoja. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba binti wa Kathiani alikuwa na kasoro ya kurekebishwa. Alikuwa amelelewa, na malezi yenyewe yalikuwa mazuri.

Lakini kazi anayoiendea ni uuguzi. Vijana waliotangulia wakipiga simu nyumbani husema jambo moja kwa namna mbalimbali: kule mkubwa wako wa kazi akikueleza kitu ukaitika, yeye huchukua kwamba umeelewa, na huondoka. Hasubiri shangazi. Kama hukusikia vizuri ni dawa ya mgonjwa wa chumba gani, au ni kipimo gani, lazima useme papo hapo kwamba hukuelewa, au kwamba unaona kuna kosa. Nikifikiria mgonjwa aliyelala kitandani, ule mlango wa nyuma ninaoupenda naona umekaa mbali mno. Bado sijui niweke wapi mpaka. Labda mtu anaweza kuwa na milango yote miwili na kujua atumie upi, lakini hilo ni rahisi kuliandika.

Kilichotokea baadaye hakikupangwa na yeyote. Ilikuwa siku ya mvua, darasa nusu, umeme umepotea. Tulipewa karatasi ya kupanga ziara ya wanafunzi wenzetu wa kutoka nje, na mimi, kwa uchovu au kwa kukosa la kusema, nikamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi: *Was machst du normalerweise am Samstag?* Kwa kawaida unafanya nini Jumamosi? Sikuuliza kwa hekima yoyote. Nilikuwa natafuta sentensi ya kujaza muda.

Alinyamaza. Kisha akasema polepole, akiijenga sentensi tofali kwa tofali: *Am Samstag kann ich nicht kommen, weil ich in die Kirche gehe.* Jumamosi siwezi kuja, kwa sababu huenda kanisani. Kitenzi kilikaa mahali pake, mwisho wa tawi. Akaongeza kwa Kiswahili, kama anayeomba radhi, "Sisi ni Wasabato, Mwalimu."

Nilihesabu nyuma kadiri nilivyoweza. Sherehe ya kuagana ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, katikati ya ibada. Ziara ya hospitalini tuliipanga Jumamosi. Siku ya kuzaliwa ya rafiki yetu wa kubuni, Jumamosi. Kila moja aliipokea kwa wazo zuri, na siku pekee aliyosema haiwezekani ni ile niliyomwagiza aseme hivyo, kwa hiyo hata hapana yake ya kweli nilikuwa nimeishaichukua nikaifanya yangu. Katika ile sherehe yetu asingekuwapo. Ningesimama peke yangu pale bwawani na soda zangu, nikingoja keki.

Nikamwambia, kwa Kijerumani kibovu, kwamba basi tufanye Jumapili. Akaniangalia na, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, akaniuliza: na wewe je, huendi kanisani Jumapili, Mwalimu? *Du* yake ilitoka bila kukwama, ingawa Mwalimu alibaki mwishoni mwa sentensi kama kawaida. Naenda, nikasema, mimi ni wa AIC. Ikawa tuna tatizo la kweli. Yeye hana Jumamosi, mimi sina Jumapili asubuhi, wageni wanaondoka Jumatatu. Tukabishana, tukavunja sarufi kila upande, nikasahau viambishi, yeye akasahau jinsia zake za rangi tatu, na mwishowe tukaafikiana Jumapili alasiri, kwa sharti lake kwamba chakula kisiwe na nyama, kwani yeye hali, jambo jingine ambalo sikuwa nalijua. Muda ulikwisha hatujafika kwenye usafiri. Mwalimu wetu hakusema chochote. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo tukawa wazungumzaji hodari. Haikuwa hivyo. Zoezi lililofuata lilikuwa juu ya kupanga somo la mapishi, hakuna kati yetu aliyejali, na tukarudi kwenye wazo zuri, wazo zuri. Ila nilianza kufanya jambo moja dogo: nikishapendekeza, nauliza *was meinst du*, unaonaje, halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mtu aliyelipwa maisha yake yote ili aseme, sekunde tatu za kimya humfanya ajihisi ameacha darasa bila mwalimu. Mara nyingi nilishindwa, nikamjibia.

Krapf nilimfikia hatimaye, kwa kiasi. B1 haitoshi kumsoma. Sentensi zake ni ndefu, Kijerumani chake ni cha karne ya 19, na kuna kurasa ambazo nilitoka bila kushika kitu isipokuwa majina ya mahali. Lakini kila nilipofungua kitabu swali lilikuwa lilelile, na halikuwa swali nililokuja nalo. Mtu huyu alijifunza Kiswahili, Kinyika na Kikamba kwa watu. Mwaka 1850 alichapisha Tübingen msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwamo, na mwaka huohuo Injili ya Marko kwa Kikamba. Nani alimwambia amekosea? Alikuwa mgeni, mgeni wa Kivoi, na kwetu mgeni hasahihishwi hadharani. Naweza kumwona amekaa na daftari, anasema neno, anauliza kama ni sawa, na mzee wa Kikamba anaitika kwa upole.

Kamusi yake kuu ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Ikapitiwa na kupangwa upya na Binns, mmisionari aliyeishi pwani miaka mingi, toleo hilo likatoka mwaka 1925. Zaidi ya miaka 40 mtu akingoja kusahihishwa. Zamani nilikuwa nawaambia wanafunzi jambo hili kama mfano wa makosa ya Krapf. Sasa sina hakika ni makosa ya nani. Pengine kuna watu kadhaa Rabai na Kitui waliokuwa wakijua hasa, wakaona si adabu. Na pengine walimwambia, naye hakuuliza mara ya pili. Kijerumani changu hakijafika mahali pa kutofautisha.

Mtihani tuliufanya Nairobi, safari ya kama kilomita 60 ambayo asubuhi ya siku ile ilikuwa ndefu kuliko hizo. Binti wa Kathiani alipita moduli zote nne. Sasa yuko B2, maana hospitali inayomtaka haimkubali chini ya hapo, na tukikutana sokoni bado ananiita Mwalimu na bado ananipokea mzigo bila kuuliza kama nataka kupokewa. Mimi nilipita tatu. Ya kuandika narudia, na bahati nzuri sheria yao inaruhusu kurudia moduli moja bila kuzigusa nyingine. Wanaosimamia mitihani yetu wangeliangalia hilo. Darasani nimepangwa na mwenza mpya, kijana fundi wa magari, mbishi, anayebishana hata na maelekezo ya karatasi. Juzi nilipendekeza Ijumaa, akasema ni wazo baya. Nikamuuliza kwa nini, akanieleza, na sababu zake hazikuwa na maana yoyote.

Kama unasoma B1 huku Machakos na unatafuta mtu wa kufanya naye mazoezi ya kuzungumza, ulizia pale ghorofani karibu na kituo cha mabasi. Niko huru siku zote isipokuwa Jumapili asubuhi, na wewe niambie zako.